Kitochi cha Zamu

Ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani, ikapigwa muhuri, na ilikuwa ya uongo. Aliyeiandika ni Khalfani, mkuu wa mafundi wa hospitali. Majina matatu yalipokezana wiki kwa wiki: Khalfani, Adolf, Gervasi. Lakini kitochi cha zamu, kile kisimu cha kupigiwa mtambo wa oksijeni ukileta matata, hakikutoka mfukoni mwa Gervasi tangu mtambo mpya ufungwe. Kisa? Hana mke, tena anakaa Katubuka, hapo hapo jirani na hospitali. Ama kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi!

Jumatatu Gervasi alimjia Khalfani, macho mekundu.

"Mkuu, miezi saba sijashiba usingizi. Tugawane zamu. Na mje niwafundishe ule mtambo, siku moja nitakosekana."

"Aa, kijana mzima unalilia usingizi?" Khalfani akacheka.

Gervasi hakubisha. Afadhali angebisha! Alikiweka kitochi mezani, taratibu. "Basi tufuate ukuta. Wiki hii ukuta unasema ni wewe. Mimi nakwenda Ilagala kumzika baba mdogo."

Khalfani akakitupia kwenye droo. Hasira zikimwisha atakuja kukichukua mwenyewe, alijisemea. Ndivyo alivyozoea.

Kesho yake mama yake, Bi Mwanvua wa Ujiji, akabanwa na kifua, akalazwa, akawekewa oksijeni. Jumatano adhuhuri Khalfani alikuwa kando ya kitanda akimmenyea chungwa, umeme ukakatika. Jenereta likawaka, taa zikarudi. Mngurumo wa mtambo haukurudi.

Nesi Honorata alifungua mtungi wa akiba, mmoja tu uliobaki, akatazama geji, uso ukambadilika. "Dakika arobaini," alinong'ona, akapiga simu. Wote wakasikia, ng'ambo ya ukuta, kwenye chumba cha mafundi, kitochi kikilia ndani ya droo.

"Kwani zamu ya nani?" Honorata akauliza.

Khalfani alikwishainuka, chungwa likaanguka sakafuni.

Mbele ya mtambo jasho lilimtiririka. Taa tatu nyekundu, koki mbili, vitufe asivyojua hata kimoja kinafanya nini, na karatasi ya mwandiko wa Gervasi iliyofutwa na mafuta. Alibonyeza kitufe. Mtambo ukakohoa, ukazima. Akampigia Adolf.

"Mkuu, mimi huo mtambo sijawahi hata kuugusa! Si yupo Gervasi?"

Akampigia Gervasi. Hapatikani. Akapiga tena. Hapatikani. Jamani, mwanamume yule alitaka kulia. Miezi saba ya kumtwisha mwenziwe zamu zote ilimrudia kwa mkupuo.

Honorata alichungulia mlangoni. "Ishirini na tano," akasema.

Khalfani alirudi wodini, maana miguu haikuwa na pengine pa kumpeleka. Bi Mwanvua akaisogeza barakoa kidogo.

"Mwanangu, fundi wa zamu amepatikana?"

Khalfani akamrudishia barakoa usoni. Mikono yake ilinuka chungwa na mafuta ya mashine.

"Amepatikana, mama."

"Alhamdulillahi," akasema Bi Mwanvua, akafumba macho apumzike.