Fremu ya Kiwanja cha Nyuma

Miaka ishirini na sita nimetengeneza fremu, na mandhari zote zilizopita mikononi mwangu zilikuwa na adabu: mlima nyuma, mto katikati, mti mmoja pembeni. Basi mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, alipoagiza fremu ya mita tatu kwa mbili, nikamwambia alete picha niipime mwenyewe, maana vipimo vya watu siviamini.

"Picha unayo, Mjomba," akasema. "Iko nyuma ya karakana yako."

Nyuma ya karakana yangu kuna kiwanja ninakomwaga maranda na mikebe ya vanishi. Magugu matupu! Akailaza fremu yangu, niliyoipiga msasa mara tatu, chini kabisa juu ya magugu hayo, akarudi nyuma akaitazama kwa furaha hadi nikataka kumshika paji la uso nione kama ana homa.

"Watu wanatafuta uzuri milimani," akasema, "na huu wa mlangoni wanaukanyaga."

Mama mmoja anayechagua kazi za maonyesho angekuja Jumamosi saa nne. Alikwisha kumkataa mpwa wangu mara tatu. Safari hii akikataliwa, ameapa kuachana na sanaa akapange mafaili ofisini kwa shemeji yake.

"Paache hivi hivi, Mjomba. Tafadhali."

Nikamwitikia, kama tunavyowaitikia watoto wasiojua mambo ya wageni. Mimi nimelelewa na mama aliyekuwa akisikia mgeni anakuja, anafagia mpaka barabarani. Jumamosi alfajiri aibu ikanishinda. Mtu mzima na heshima zake aje kwangu akute kichaka? Nikachukua jembe, nikang'oa kila kilichokuwa kijani ndani ya fremu, nikapiga reki, nikanyunyiza maji vumbi litulie. Nikajipongeza kwa kikombe cha chai.

Saa nne wakaja wote wawili. Mpwa wangu akatazama fremu, akanitazama mimi. Hakulia. Afadhali angelia.

"Kazi yenyewe iko wapi?" mgeni akauliza.

Ningeweza kusema uongo. Ulimi ukakataa.

"Nimeilima," nikasema. "Kosa ni langu, mama, si la huyu mtoto. Alikuwa na kazi nzuri. Hapa palikuwa na kishona nguo, kile kinachong'ang'ania suruali. Pale kwenye kona, kifauongo. Ukikigusa kinajifanya kimekufa, ukigeuka kinakucheka. Hapa palilala mkebe wenye ufa, mlango wa mjusi asiye na mkia. Na hapa mnavu uliota katikati ya maranda, ukazaa vitunda vinne. Vitatu vilikuwa vyeusi tayari."

Nilitembea nikionyesha udongo mtupu, na kila nilipoonyesha nilikumbuka kingine. Miaka yote hiyo nilidhani sijawahi kukitazama kiwanja kile. Niliona uchungu kweli kweli, na sikuuficha.

Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafunga daftari lake.

"Inaingia," akasema. "Fremu ibaki hapo, udongo ubaki hivyo, na huyu fundi awaambie watu haya haya."

Mpwa wangu akamshukuru. Mimi hakunisemesha. Wageni wa maonyesho wakaanza kuja, nami nikawasimulia mjusi wangu huku binti amesimama upande wa pili wa fremu, amekunja mikono. Siku ya kwanza hivyo, ya pili hivyo, ya tano hivyo hivyo. Nyumba nzima ikajua nimenuniwa.

Siku ya sita asubuhi, ndago, gugu lisilouawa na jembe, ilichomoza ndani ya fremu. Ndago haina haya. Nikampigia simu nikihema.

"Mjomba! Nani kafa?"

"Imeota! Kijani, urefu wa msumari wa inchi moja!"

Nikasikia anavuta kamasi.

"Nakuja sasa hivi," akasema. "Usiimwagilie. Usiipalilie. Usiifanyie chochote, Mjomba wangu."

Nikaweka mikono yote miwili nyuma, nikachuchumaa kando ya fremu, nikamsubiri.