Pembe Ambayo Tanjenti Yake ni Eksi

...na ile moja ndogo yenye alama ya kutoa, iliyokaa juu ya neno tan, kwa nini Bwana Mkaguzi ameiandika ndogo hivyo kama anaificha, mwingine angedhani ni moja gawanya kwa tanjenti, angekwenda na maji, lakini Osea anajua hapa hakuna kugawanya, hiyo ni pembe, pembe ambayo tanjenti yake ni eksi, anajua kwa sababu Hezron alimwambia, na hapo ndipo chaki inapomganda vidoleni, kwa sababu ni Hezron, mwalimu mwenzake hapa Iyula, ambaye mwaka jana alisimama mbele ya ubao huu huu chini ya picha ya Malkia, akaulizwa, akakosa, nafasi ya chuo cha Makerere kule Kampala ikampita, na leo amekaa dawati la nyuma eti kumtia moyo, anakohoa, mbona anakohoa... "Integreti hiyo, Mwalimu Osea, wala usiharakishe," asema Bwana Mkaguzi, usiharakishe, maana yake ameona nini, wameongea nini hawa wawili asubuhi pale kwenye gari... kuintegreti ni kutafuta kile ambacho mteremko wake ni pembe hii, weka moja mbele yake, ndivyo Hezron alivyomfundisha, wamekaa nyuma ya bweni wanamenya viazi, "Ukiona pembe imekaa peke yake, ndugu yangu, usidanganyike, imezidishwa na moja, iintegreti ile moja, pembe itafutie mteremko, kisha toa," maneno matamu, matamu mno, nani humpa mwenzake vitu hivi bure, tena mtu aliyenyimwa Tulinagwe, maana Hezron alimposa dada yake Osea, na baba yao, mzee Zebedayo, akawajibu washenga kwamba binti yake haendi kuolewa Tunduma kwa Wanamwanga, kabila la Hezron, basi, na Hezron akaaga kwa adabu, kesho yake akarudi kumfundisha hesabu kaka wa msichana, mtu hafanyi hivyo ila ana lake jambo, baba alisema, wakipogoa mibuni, hata hakugeuka, "Mwanangu, Mnamwanga yule atakuwekea kona moja ya uongo, uanguke mbele ya wazungu," na tangu hapo Osea hajala akashiba, kila mstari wa Hezron anaunusa kama maziwa ya jana... lakini kona yenyewe iko wapi, jibu la Hezron ni eksi mara pembe, toa nusu ya logi asilia ya moja jumlisha eksi kipeo cha pili, na jibu la namna hii huna haja ya kumwamini mtu, utafute mteremko wake uone kama linakurudisha ulikotoka, haya, mteremko wa eksi mara pembe unaleta pembe yenyewe, na pamoja nayo eksi gawanya kwa moja jumlisha eksi kipeo cha pili, na ile nusu ya logi inaleta nini, inaleta hiyo hiyo, eksi ile ile juu, chini kile kile, zinaondoana, zimekwisha, inabaki pembe, pembe tupu, hakuna kona, hakukuwa na kona... anakohoa tena, kifua tu, baridi ya Mbozi hii, nani hakohoi... basi baba alijuaje, baba asiyejua tanjenti ni mnyama gani, alijuaje kona ya uongo hukaa wapi, na kwa nini aliyasema kwenye mibuni, mkono wake mmoja ukiwa juu ya tawi, mibuni ambayo Osea akienda Kampala haina mwingine wa kuipogoa, mtoto wa kiume ni mmoja, na Tulinagwe naye, nani angempikia mzee kama angeolewa Tunduma, wote wawili wamezuiwa kwa jina lile lile, Mnamwanga, Mnamwanga, na mzee hata siku moja hakupandisha sauti... "Mwalimu, tunakusubiri," "Ndiyo, Bwana," chaki bado haijagusa ubao, jibu lote liko mkononi na halimtishi tena, wala mtu wa dawati la nyuma hamtishi, anamwogopa yule atakayemkuta jioni mlangoni, atakayempokea koti, amvutie kigoda karibu na moto, na kabla hajaambiwa lolote amuulize kwa sauti ya pole, "Wamekuangusha, eeh, mwanangu?"