Unapunguza Sukari

Kibao nilikiandika mwenyewe kwa wino mwekundu, na mwandiko wangu ni mzuri, hilo soko zima la Songea hakuna anayebisha: MDALASINI HALISI. UNAPUNGUZA SUKARI. Nilikuwa na maana ya sukari ya kwenye chai. Ukichemsha kijiti kimoja, utamu unajitokeza wenyewe, na mtu wa vijiko vitatu anajikuta ametosheka na kimoja. Mimi Sharifa naujua mdalasini kuliko ninavyowajua mashemeji zangu. Unaondoa shombo ya samaki, unanukisha maandazi, na maji yake ya moto yanamtuliza mwenye mafua au tumbo lililojaa gesi. Hayo nimeyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Mzee Romwaldi, mkulima wa tumbaku wa Namtumbo, alikuwa mteja wangu tangu nilipotundika kibao. Kila alipokuja mjini alinunua fungu kubwa, nami nikajisifu moyoni kwamba nimepata mtu anayejua chai. Jumanne moja alikuja anachechemea, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

"Shikamoo, baba. Mguu una nini?"

"Marahaba, mwanangu. Kidonda tu, kwenye kidole hiki. Hakikauki. Lakini dawa yako naendelea nayo. Vidonge vya hospitali nimeviacha, huu mwezi wa pili."

"Vidonge vya nini?"

Akanyoosha kidole kwenye kibao changu. "Si vya sukari?"

Nikakisoma kibao upya. Sukari yangu ilikuwa ya kwenye birika, yake ilikuwa ya kwenye damu. Miezi miwili mtu mzima ameacha dozi kwa sababu ya mwandiko wangu mzuri.

Nikamweleza. Hakuniamini. "Unawaogopa watu wa hospitali," akasema huku anacheka. "Sitakutaja. Nipe fungu langu." Nikamwambia siuzi. Akasema haya, atanunua kwa Lidwina, meza ya tatu, akaanza kuondoka kweli na kidole chake kilichokwisha kuwa cheusi.

Hapo nilikasirika, na hasira yangu watu wanaijua. Nilikivunja kibao kwa goti, nikapanda juu ya kigoda, nikapaza sauti mpaka kwa wauza dagaa: "Mdalasini wangu hautibu ugonjwa wa sukari. Mimi Sharifa nimesema. Atakayemuuzia mzee huyu kabla hajaonyesha karatasi ya hospitali, wallahi tutagombana."

Wateja wawili waliokuwa wanachagua vijiti wakavirudisha. Iliniuma, sisemi uongo. Miaka kumi na moja nausifia, na siku hiyo nilitangaza kile usichokiweza.

Lidwina akafunika meza yake kwa kanga. Mzee Romwaldi akabaki katikati ya njia, hana pa kwenda.

"Basi nipeleke," akasema kwa sauti ndogo.

Tulipanda bajaji. Nesi alipompima, mashine ilishindwa hata kutoa namba, sukari ilivyokuwa juu. Wakamlaza siku tisa. Kidole kilikatwa, mguu ukabaki, na daktari akasema tungechelewa wiki moja zaidi angekuwa anazungumza nasi habari ya goti. Nililia kule koridoni, nikamaliza, nikarudi kwenye meza yangu.

Mwezi uliofuata alikuja na fimbo na kadi ya kliniki, akaiweka mezani kabla sijamwomba. Niliisoma mstari kwa mstari. Vidonge anakunywa, kliniki anahudhuria. Nikamuuliza daktari kasemaje kuhusu mdalasini.

"Kasema kwenye chai, kidogo, kama kiungo. Vidonge nisiache."

Nikachemsha kijiti kwenye birika langu, nikammiminia, nikalisogeza kopo la sukari nyuma yangu.

Alionja. Akaonja tena, akatafuta kijiko kwa macho, halafu akaacha kukitafuta.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Unapunguza sukari."