Aliyebaki na Dagaa

Wanawake wa mwaloni Musoma, mitumbwi ya uvuvi inakotia nanga, waliandamana kwenda kuuliza kwa nini uwanja wao wa kuanikia dagaa unazungushiwa uzio. Selestina hakwenda. Dagaa walikwisha kutandazwa juu ya chanja, na wasipogeuzwa huharibika. Wakamwachia yeye, kwa sababu hakuna aliyewageuza vizuri kama yeye.

Sifa hiyo ilimkaa kooni. Mbele ya msafara, na kitambaa cheupe mkononi, alikuwa Gaudensia, aliyekuja juzi tu kutoka Bunda. Hata dagaa alifundishwa kugeuza na Selestina. Na wazo la kuandamana lilikuwa la nani? Kwenye kikao Selestina alilisema akiwa amekaa nyuma. Gaudensia akasimama, akalirudia, akapigiwa vigelegele yeye.

Sasa vigelegele vilisikika tena kutoka upande wa mtaa wa Nyasho, msafara ulikofika. Selestina akawageuza dagaa kwa hasira mpaka wengine wakakatika vichwa.

Machage, mgambo wa mtaa, alimkuta hivyo.

“Shikamoo, Mama Yusto. Wakubwa wanataka jina la aliyewachochea wenzako. Ni yule mrefu wa Bunda, siyo?”

Neno moja lingetosha. Gaudensia angelala mahabusu, na kesho kitambaa kingehitaji mkono mwingine. Selestina aliliweka neno hilo ulimini, akalionja. Kisha likamchoma: kumbe hata hili anapewa Gaudensia!

“Yule?” alicheka. “Yule anatanguliaga tu kwa sababu ya urefu. Aliyewaza haya ni mimi.”

“Mama, usiseme hivyo. Watakuja kukuchukua.”

“Waje. Na uwaambie hatujabeba hata jiwe. Uwanja ni wetu, tumenyamaza ukapimwa, tumenyamaza nguzo zikachimbiwa. Tukinyamaza na leo, tutaanika wapi? Kutembea na kuuliza ni kosa? Mama yako mwenyewe yumo.”

Machage alishtuka. “Mama? Yuko wapi?”

“Nyuma ya Gaudensia. Si wote wako nyuma ya Gaudensia?”

Mgambo akatazama njia ya Nyasho, akakuna shingo. “Ningeweza kusema sikukuta mtu.”

“Thubutu!” Selestina alimshika mkono kwa vidole vyenye magamba. “Selestina Keraryo. Sema.”

“Selestina Keraryo,” alisema Machage, polepole, kama mtu anayeomba radhi.

“Tena.”