Kansa Haikungoja Mpaka Ufunguliwe

Déogratias, fundi wa mota za mitumbwi pale bandari ya Kalundu, Uvira, alikuwa na miaka sitini na miwili alipoanza kukojoa kwa shida. Mkewe Honorine alimsumbua mpaka akakubali kuvuka mpaka kwenda Bujumbura, na huko daktari Sabine akamtoa vinyama vya kupima kwenye tezi dume. Ilikuwa kansa. Sabine akamweleza kwamba kansa hiyo ina tabia mbili. Kuna inayotulia mahali pake mpaka mtu anazeeka nayo na kufa kwa jambo jingine, na kuna inayokimbilia mifupani. Kwa kuitazama tu, ni vigumu kujua ipi ni ipi. Kwa hiyo vinyama vilipelekwa maabara ya Ulaya, wakasome jeni zake, maana mle mna alama zinazoonyesha kama itasambaa. Déogratias akarudi Uvira kungoja majibu.

Majibu yalikuwa hayajafika vita viliposhuka kutoka Kamanyola, kaskazini mwa mji. Watu wa uwanda ulio kati walipita na magodoro kichwani, majirani wakafuata, kisha waasi wakauteka mji na mpaka wa Kavimvira, njia ya kwenda Bujumbura, ukafungwa.

Mtandao uliporudi, Sabine alipiga simu. Alama zilikuwa mbaya. Kansa hii ilikuwa ya kusambaa, akasema, na tezi ilipaswa kuondolewa kabla haijatoka nje. Asikawie. Déogratias alikuwa amesimama ufukoni, na ng'ambo ya ziwa vilima vya Bujumbura vilionekana wazi.

Akamwambia Honorine kwamba atavuka kwa maji. Honorine akamuuliza kama amemsahau Aimé, rafiki yao, ambaye mtumbwi wake ulipigwa risasi katikati ya ziwa na kilichorudi ufukoni ni madumu matupu tu. Hata hivyo Déogratias alijaribu. Alfajiri moja askari walimkuta akiusukuma mtumbwi, wakamlaza kifudifudi mchangani mpaka jua lilipopanda, kisha wakamwambia akirudia watamzika palepale.

Akampigia Sabine tena, akamweleza. Daktari akasema kuna njia moja inayowezekana hata katika hospitali ndogo. Kansa hii hulishwa na homoni ya kiume, na homoni hiyo karibu yote hutoka kwenye korodani. Zikiondolewa, kansa hukosa chakula. Haiponi, ila hulala, pengine mwaka, pengine zaidi. Déogratias akakata simu bila kuaga.

Kwa siku nyingi hakumwambia mkewe neno. Alikula kidogo, akalala ameelekea ukutani. Hatimaye Honorine alimwekea ugali na ndagala, dagaa wa ziwani, akakaa mbele yake, akakataa kuondoka.

"Banataka kunihasi," Déogratias akasema. "Kama mbuzi."

Akamweleza yote. Honorine akasikiliza mpaka mwisho.

"Batoto tulisha kuzaa," akasema. "Kama ile kitu iko nalisha ugonjwa, basi iko nalisha mwenye kutaka kuniulia bwana. Ikatwe."

"Na bantu bakijua?"

"Bantu gani? Mutaa muzima ulikimbia."

Hospitalini majeruhi walikuwa wamelazwa hadi barazani. Daktari Herménégilde hakuwa amelala usingizi wa maana tangu mji utekwe, lakini aliposikia maneno ya Sabine kwenye simu alitikisa kichwa kukubali. Alimchoma sindano ya ganzi mgongoni, na kazi ikaisha upesi kuliko Déogratias alivyodhani. Hakuhisi maumivu. Alilia tu, uso ameugeuza, na daktari akajifanya anatafuta uzi.

Kidonda kilipona. Yaliyofuata hakuna aliyemwandaa kwayo: joto lilimpanda ghafla hata wakati wa mvua, akatota jasho kama mwanamke aliyekoma hedhi, na nyama ya mikono ikalegea hata mota ndogo ikamshinda kuinua. Sabine alitaka damu ipimwe, ijulikane kama kansa imelala. Hospitali ilikuwa imeishiwa dawa za kipimo hicho, na mpaka ulikuwa bado umefungwa.

Kisha asubuhi moja aliamka akiumwa chini ya mgongo. Alisema labda ni godoro. Honorine akasema ndiyo, godoro limekwisha. Akapasha mafuta ya mawese, akamsugua polepole kandokando ya uti wa mgongo, na hakuna kati yao aliyetaja mifupa.