Kidole Kisichosomeka

"Osha tena," Jepkemei alimwambia mwanawe.

Kiptum alisugua vidole kwenye mfereji wa hospitali mpaka ngozi ikawa nyekundu. Miaka kumi na minne ya kuchimba viazi vya watu kule Mau Narok ilikuwa imezifanya ncha za vidole vyake laini kama mgongo wa kijiko.

Ilimchukua Jepkemei wiki tatu kumshawishi aje. Kiptum hakuogopa sindano. Aliogopa mashine. Tangu alipokuwa kidato cha tatu, sauti zilikuwa zikimwambia kwamba Kiptum halisi aliibwa na mashine, na huyu anayekula ugali wa mama yake ni mtu mwingine tu. Akimeza kidonge jioni, sauti zilififia zikawa kama redio ya jirani. Lakini hakumeza kabla mama hajakilamba mbele yake, kuonyesha si sumu. "Wewe kwanza, Mama." Kila jioni Jepkemei alilala na uchungu ule ulimini.

Vilibaki vidonge viwili. Na tangu mwezi huu kadi ya kliniki haikutosha; mgonjwa aje mwenyewe, aweke kidole.

"Ukiweka kidole," alikuwa amemwahidi, "mashine yenyewe itakutaja jina. Utaona."

Kwenye dirisha la dawa, karani Wangeci alisukuma kimashine mbele. "Kidole gumba, boss. Bonyeza."

Kiptum alimtazama mama yake. Akabonyeza.

Taa nyekundu. Kidole kingine. Nyekundu. Vyote kumi.

"Viazi vimemla vidole huyo!" mtu alisema kwenye foleni, na watu wakacheka.

"Haisomi," Wangeci alisema. "Inasema hakuna mtu kama huyu."

"Dada, polepole," Jepkemei alinong'ona. "Usiseme hivyo mbele yake."

"Si mimi, mathe. Ni mashine."

"Kadi hii hapa. Jina lake, picha yake. Wewe mwenyewe ulinipa dawa yake mwezi uliopita. Unamjua."

"Namjua sana. Kiptum, niaje?" Alitabasamu kweli. "Lakini nikitoa dawa bila alama, kazi imeisha. Kuna wakubwa walikuwa wanabeba dawa kwa majina ya wafu. Sasa lazima kidole."

"Kwa hivyo nifanye nini?"

"Asishike jembe mwezi mzima. Apake mafuta. Ama mnunue nje."

"Asiposhika jembe, nitanunua na nini?"

Wangeci alitazama mashine yake. Nyuma yake, rafuni, pakiti zilikuwa zimepangwa. Jepkemei alizitambua kwa mstari wa buluu.

"Anayefuata."

Jepkemei alikuwa amebeba leso ndani ya kiondo, ya kumfunga mikono iwapo angezua fujo. Hakuihitaji. Kiptum alisimama ametulia, uso umekunjuka, kama mtu aliyeshinda kesi ya miaka mingi.

"Umesikia, Mama?" alisema. "Na mliniita mwongo."

Nyumbani, Jepkemei alimpaka mafuta ya kupikia mikononi, kidole kwa kidole. Alimwekea chai. Kisha akatoa kidonge kimoja kati ya vile viwili, akakilamba, akamnyooshea.

Kiptum alimaliza chai kwanza. Halafu akaushika mkono wa mama yake na kuukunja ngumi, kidonge kikiwa ndani, taratibu, kwa adabu ambayo mtu humpa mzazi wa mwenzake.

"Mwekee Kiptum," alisema. "Akirudi atakihitaji."

"Kiptum, mwanangu..."

"Asante kwa chai, mama Kiptum."

Akavaa koti, akafunga mlango polepole nyuma yake asigutushe kuku.

Mezani kilibaki kikombe cha bati. Mafuta yalikuwa yameacha alama za vidole vyake pande zote, pana, laini, bila mstari hata mmoja. Jepkemei angezitambua popote.

Hakukiosha.