Vigingi vya Mama Sidonie

Barabara ya zamani ya Walikale ilikuwa imewachosha watu: leo matope, kesho risasi. Basi ikapangwa nyingine, pana, ya kupita Kibabi, na Magloire, mtoto wa Kibabi mwenyewe, akapewa kazi ya kuipimia njia.

Mstari ulikata katikati ya shamba la mama yake. Magloire aliutazama, kisha akaupinda kidogo tu. Ukaangukia kwa jirani, Mama Sidonie, mjane asiye na kingine duniani ila shamba lile la maharagwe. Damu ni nzito kuliko maji, alijiambia. Sawa, lakini mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wafanyakazi wake wakapigilia vigingi virefu vyenye vichwa vyekundu, naye akaondoka kama mwizi, bila kumweleza mjane lolote.

Alirudi maharagwe yakiwa yamekomaa, safari hii na mkubwa wake, Papa Thierry, aliyekuja kuukubali mstari. Mama Sidonie akawapokea mbio na kikapu.

“Mutoto yangu, Mungu akubariki! Maharagi yangu ilikuwa inalala chini, miti ya kupandia sina. Wewe ukaniletea hata sikuomba. Shika, ni ya kwanza kuvuna.”

Kweli, kila kigingi kilikuwa kimezongwa na maharagwe hadi kwenye rangi. Magloire alipokea kikapu kwa mikono miwili. Aibu ilimchoma, akatamani ardhi ipasuke immeze.

Papa Thierry alikuwa akihangaika na ramani. “Mama, vigingi vingine iko wapi?”

“Nilipeleka kwa Mama Jeannette, mama yake huyu. Ningekula peke yangu namna gani, na yeye njo alimuzaa?”

Wakageuka. Ng'ambo ya kijito, vichwa vyekundu vilisimama katikati ya shamba la Mama Jeannette.

“Magloire, sasa mustari ni gani? Hapa ao kule?” Papa Thierry aliuliza.

Neno moja tu, “hapa,” lingetosha, na mjane asingejua kamwe nani aliyeipindishia barabara shambani kwake. Kikapu kilikuwa kizito.

“Kule,” alisema. “Tangu mwanzo ilikuwa kule. Miye njo niliipinda.”

“Unasema nini, mutoto yangu?” Mama Sidonie aliuliza.

Magloire akageukia kijito. Ng'ambo, mama yake alikuwa amesimama kati ya vigingi, akiwapungia mkono waje kula.